Siku ya kwanza usiwaulize walisoma wapi: kwa TA (mkufunzi msaidizi) anayeanza semina ya mwaka wa kwanza

Mwaka nilipokabidhiwa semina kwa mara ya kwanza, niliingia darasani na wazo ambalo kila aliyepita chuo analijua: tujitambulishe. Jina, shule uliyotoka, tahasusi uliyosoma. Wakaanza wa mstari wa mbele. Huyu katoka seminari, huyu shule ya vipaji maalumu, huyu shule ya binafsi ambayo ada yake ya muhula ilikuwa inazidi mshahara wangu. Ikafika zamu ya binti aliyekaa dirishani. Akataja shule yake ya kata. Nyuma mtu akasema "yeboyebo", jina la kejeli la shule hizo, darasa likaangua kicheko, na mimi nikatabasamu. Binti akaketi. Hakufungua tena mdomo kwenye semina yangu mpaka wiki ya 9, na hapo alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda msibani.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba mimi mwenyewe ni zao la shule ya kata, huko Manyoni. Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2006, tukisomba mchanga wa kujengea maabara ambayo mpaka namaliza kidato cha nne ilikuwa imeishia kwenye lenta. Nilijua kabisa kicheko kile kinakwenda kukaa wapi mwilini. Ila nilikuwa nimeshahamia upande wa wanaocheka.

Nafundisha semina za takwimu kwa wanafunzi wa sayansi za jamii. Watu 40 na ushee, dakika 50, projekta inayowaka ikijisikia. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kusoma tafiti za saikolojia ya jamii usiku na kuzijaribu asubuhi, na baadhi zilinishinda. Namwandikia yule aliyepokea barua ya ajira juzi, akapewa na ratiba, halafu asitokee mtu wa kumwambia afanye nini dakika tano za kwanza.

Swali la shule lina kasoro gani?

Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha majaribio waliyoyafanya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwapa wanafunzi Weusi na Weupe maswali magumu ya lugha, ya aina inayotumika kwenye mtihani wa kuingilia shahada za juu. Kundi moja likaambiwa karatasi ile inapima uwezo wa akili. Kundi jingine likaambiwa ni zoezi tu la kuangalia watu wanavyotatua maswali. Karatasi ni ileile. Pale palipotajwa akili, wanafunzi Weusi walipata chini ya wenzao Weupe, hata baada ya watafiti kuzingatia alama walizoingia nazo chuoni. Pale palipotajwa zoezi, pengo lilipungua sana. Kisha wakafanya jaribio jingine ambalo akili haikutajwa kabisa. Waliongeza swali moja tu kabla ya kuanza, la kujaza wewe ni wa rangi gani, na hilo likatosha kuwashusha.

Wao walieleza hivi: mtu wa kundi linalosemwa vibaya anaingia kwenye mtihani na kazi mbili. Anatatua swali, na papo hapo anajichunga asije akawa ushahidi wa yale yanayosemwa. Si lazima ayaamini. Kuyajua kunatosha.

Ubaya ni kwamba jambo hili limeuzwa kuliko lilivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi waliwapima wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 kuhusu wasichana na hesabu, wakiwa wametangaza mapema namna watakavyopima, na hawakuiona athari ile. Wapo pia wanaoshuku kwamba tafiti zilizopata matokeo ndizo zilizochapishwa, na zilizotoka mikono mitupu zikabaki kwenye makabati. Kwa hiyo ukimsikia mtu kwenye warsha anasema hili limethibitishwa na limekwisha, mpunguzie imani. Mimi nimejiwekea kipimo changu: nafanya lile ambalo hata nadharia ikianguka kesho, mwanafunzi atakuwa hajapoteza kitu. Na kuacha kumuuliza binti alisoma wapi mbele ya watu 40 hakuhitaji mtafiti wa Stanford.

Siku ya kwanza, basi, fanya hivi. Waambie wageukie jirani, kila mmoja aeleze jambo moja analoliweza ambalo halimo kwenye cheti chochote. Wape dakika nne. Kisha kila mtu amtambulishe mwenzake, asijitambulishe mwenyewe. Nimepata fundi pikipiki, nimepata kijana anayejua kuchinja na kuchuna mbuzi chini ya nusu saa, nimepata mweka hazina wa vikoba wa mtaani kwao aliyekuwa akigawa hisa za wanachama 30 kwa kichwa. Huyu wa vikoba nilimtumia muhula mzima. Kila tulipofika kwenye uwiano na asilimia nilimwambia, "Hebu tueleze mnagawanaje faida," na darasa likajua wastani wenye uzito, yaani ule unaozingatia ukubwa wa sehemu ya kila mmoja, kabla sijauandika ubaoni. Orodha ya majina, kozi na namba za usajili achia CR (kiongozi wa darasa) aipitishe kwenye karatasi kimyakimya. Ukihitaji kujua nani alisoma hesabu mpaka kidato cha sita, utaijua kwenye zoezi la kwanza, tena kwa uhakika kuliko angekuambia yeye.

Kuna sumu nyingine inayokuja imevaa nguo za upole. Miaka mitatu mfululizo nilikuwa nikisimama na kusema, "Kina dada, msiogope, takwimu si ngumu kama mnavyodhani." Nikijiona dada mkubwa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya msichana ambaye asubuhi hiyo hakuwa na wazo lolote la kuogopa. Nimemkumbusha kuna watu wanadhani ataogopa, nimewakumbusha na wavulana, na nimefanya hivyo dakika mbili kabla ya jaribio. Mwaka 1999 Steele pamoja na Steven Spencer na Diane Quinn walichapisha majaribio ya hesabu ambamo wanawake waliambiwa ama kwamba mtihani huu umewahi kuonyesha tofauti kati ya wanaume na wanawake, ama kwamba haujawahi. Walioambiwa hakuna tofauti ndio waliofanana na wanaume. Na hili lipokee kwa tahadhari ileile niliyokwisha kuitaja. Siku za majaribio siku hizi nasema maneno haya tu: "Maswali ni sita, la nne ndilo refu, liache mwisho. Haya ndiyo tuliyofanya wiki ya pili na ya tatu. Anzeni." Hakuna hotuba ya kutia moyo. Wala ya kutisha. Nawajua wenzangu wanaopenda kutangaza kwamba nusu yenu mtakula sapu, yaani mtarudia mtihani.

Usiulize, hesabu

Kama kuna kitu kimoja ambacho ningependa ukianze kesho, ni hiki. Chora ramani ya darasa kwenye karatasi ya A4, visanduku 40, na kila mtu anapoongea weka alama kwenye kisanduku chake. Akiongea kwa sababu wewe umemchagua, weka kijistari. Akijidakia mwenyewe, weka nukta. Ukimkatiza, chora mduara. Kama huwezi kufundisha na kuchora, mpe kazi hiyo mwanafunzi mmoja kila wiki na umwambie ukweli ni ya nini.

Nilikuwa na hakika kwamba mimi sibagui. Ungeniletea dodoso ningejipa kumi ya kumi. Karatasi ikanionyesha kwamba nauliza swali nikiwa nimewaangalia vijana wanne wa mstari wa mbele kushoto, wale ambao darasa lilishawaita vipanga, yaani wenye akili sana, na kwamba wasichana nikiwachagua nawauliza "maana yake ni nini" ilhali wavulana nawauliza "kwa nini". Na miduara, yaani wale niliowakatiza, karibu yote ilikuwa kwa watu wanaoanza sentensi ya Kiingereza wakakwama katikati. Nilikuwa nawamalizia, kwa huruma. Mtu aliyemaliziwa sentensi mara mbili haanzi ya tatu.

Yapo mambo ya zamani yanayonifanya nisiamini dodoso la mtazamo, hata langu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na kijana wa Kichina na mkewe, wakati chuki dhidi ya Wachina ikiwa haijifichi. Walipita kwenye hoteli na migahawa 251, wakakataliwa sehemu moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu hizo kuziuliza kama zinapokea Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana. Alichapisha mwaka 1934. Kwake mdomo ulikuwa mbaya kuliko mkono. Kwangu ilikuwa kinyume chake. Vyovyote vile, kinachosemwa na kinachotendwa ni watu wawili, na darasani kinachomfikia mwanafunzi ni kile kinachotendwa.

Dawa za karatasi ile ni ndogo ndogo. Baada ya kuuliza, hesabu moyoni mpaka saba kabla ya kumchagua mtu. Utaona mikono ya pili ikipanda, na mara nyingi ni ya watu wengine. Waache waandike jibu kwanza, ndipo waseme. Chagua kwa vikaratasi vya majina ndani ya kikombe, siyo kwa macho yako. Na akikwama kwenye Kiingereza mwambie, "Sema kwa Kiswahili, tutaitafsiri pamoja." Najua lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na najua kuna mkubwa mmoja aliyepita koridoni akasikia Kiswahili kinatamba akaniita ofisini. Nilimweleza hivi: mjadala wa makundi ni Kiswahili, ripoti na mtihani ni Kiingereza. Akaguna. Hajaniita tena.

Makundi, lakini si yale ya "mjigawe"

Ukisema "jigaweni watu watano watano" umeandaa harusi: watakaa waliotoka bweni moja na bweni moja, na waliosoma shule moja na shule moja. Ukiwachanganya kwa nguvu bila mpango, kipanga mmoja atafanya kazi yote na waliobaki wataandika majina yao tu kwenye karatasi. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliliandika hili mwaka 1954: kuwakutanisha watu wa makundi tofauti husaidia pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi inayowalazimu kushirikiana, na mwenye mamlaka akiwa ameunga mkono. Kikikosekana kimoja mnaweza kutoka mmechukiana zaidi.

Mwaka 1971 Elliot Aronson, ambaye ndiye baba mzazi wa yule Joshua wa Stanford, aliitwa kwenye shule za Austin, Texas, ambako watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wamewekwa darasa moja kwa amri na wakawa wanapigana. Alichofanya ni kulivunja somo vipande, kila mtoto akawa na kipande ambacho mwenzake hana. Huwezi kumdharau mtu ambaye bila yeye unafeli. Nimekigeuza hivi kwa dakika 50.

Wiki iliyotangulia napanga makundi manane ya watu watano, mwenyewe, kwa ramani yangu ya vijistari: kila kundi liwe na msemaji mmoja na mnyamavu mmoja angalau. Natayarisha majedwali matano ya bei za gunia la mahindi kwa wiki nane, bei za kubuni lakini masoko ya kweli: Kibaigwa, Tandale, Manzese, Igunga, Mwanjelwa. Swali kuu liko ubaoni tangu mwanzo: mama mmoja ana lori moja la mahindi na hawezi kubeba hasara, apeleke soko lipi? Hakuna anayeweza kulijibu kwa jedwali moja.

Dakika tano za kugawa. Kisha wote wenye Kibaigwa wanakutana pembe moja, wa Tandale nyingine, na kadhalika. Kila pembe itakuwa na watu wanane, wagawe wanne wanne maana wanane ni mkutano wa hadhara. Hapo kwa dakika 15 wanatafuta wastani wa bei na jinsi bei zinavyotawanyika mbali na huo wastani, na wanafanya mazoezi ya kueleza. Binti wa kata na kijana wa seminari wote wanatoka hapo wakiwa wataalamu wa Kibaigwa. Halafu wanarudi kwenye makundi yao, dakika 20, kila mmoja anawafundisha wenzake soko lake, wanajadili, wanaamua. Dakika kumi za mwisho nachomoa jina kwenye kikombe, huyo anaeleza uamuzi wa kundi.

Sasa yaliyonipata, ili yasikupate. Mara ya kwanza nilifanya siku boom, pesa ya mkopo wa wanafunzi, limeingia. Nusu ya darasa ilikuwa mjini, makundi matano hayakuwa na mtu wa Mwanjelwa na shughuli ikafa. Weka bahasha ya akiba yenye nakala za kila soko, na kipande chenye hesabu ngumu zaidi wape watu wawili. Mara ya pili vipanga walikusanya majedwali ya wenzao wote kundini wakaanza kukokotoa peke yao, wengine wakitazama simu. Tangu hapo nayakusanya majedwali wanapotoka kwenye pembe za wataalamu. Wanarudi kundini na kile tu walichoandika kwa mkono wao. Kipanga akitaka kujua bei za Igunga itambidi amuulize mwenye Igunga, kwa adabu.

Wataondoka wakisema wangependa wewe ufundishe tu, usiwasumbue. Usitetereke. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio la darasa la fizikia: wanafunzi waliojifunza kwa kufanya walipata alama zaidi kuliko waliomsikiliza mhadhiri hodari, lakini wenyewe waliona wamejifunza kidogo. Jasho la kufikiri linafanana na kutoelewa. Mimi huwaambia hilo mapema, wiki ya kwanza.

Kalamu nyekundu

Kwenye kusahihisha ndipo nilipoona mabadiliko ya haraka kuliko kwingine kote.

Mwanafunzi aliandika kwenye zoezi la kipato cha kaya kumi: wastani ni 480,000, kwa hiyo kaya nyingi zinapata kama 480,000 kwa mwezi. Zamani ningepiga mstari mwekundu, nikaandika WRONG, na alama ya mshangao. Anaisoma vipi? Kama ni kijana anayejiamini, anaona mwalimu kachoka leo. Kama ni yule anayeshuku kwamba unamwona kilaza kwa sababu ya alikotoka, umempa jibu alilokuwa akilitafuta. Sifa tupu nazo hazisaidii. "Good effort" kwa kazi mbovu inasomeka kama huruma, na wanafunzi wananusa huruma kwa mbali.

Hiki ndicho nilichomwandikia, kwa Kiswahili, pembeni ya karatasi yake ya Kiingereza: "Wastani umeupata sawasawa. Angalia kaya ya 7: inapata 3,200,000. Iondoe, piga wastani upya, kisha uniambie kama sentensi yako ya mwisho bado inasimama. Nakurudishia kwa sababu nataka kazi za semina hii ziwe za kupeleka ofisini kwa mtu, na kwa ulivyopanga jedwali lako naona unakifikia kiwango hicho. Irudishe Ijumaa."

Ukiiondoa kaya ile, wastani wa tisa zilizobaki unaanguka chini ya 180,000. Aliporudi Ijumaa alikuwa amekasirika, lakini si kwangu. Alikuwa amekasirikia kaya ya 7. "Madam, huyu mmoja ametudanganya wote." Nikajua ameelewa wastani maisha yake yote.

Maneno yale yana sehemu tatu na usiache hata moja: kosa lililoonyeshwa mahali lilipo na cha kufanya, kiwango kilichotajwa kuwa cha juu, na imani kwamba mtu huyu anakifikia, yenye ushahidi kutoka kwenye karatasi yake mwenyewe. Geoffrey Cohen, Steele na Lee Ross waliyapima mwaka 1999 kwa wanafunzi wa chuo. Mwaka 2014 David Yeager na wenzake wakachapisha jaribio la darasa dogo la watoto wa miaka 12 au 13: insha zikarudishwa na maoni ya mwalimu, nusu zikiwa na kikaratasi kinachosema nakupa maoni haya kwa sababu nategemea makubwa kwako na najua utayafikia, nusu nyingine zikiwa na kikaratasi cha kawaida kisicho na maneno hayo. Miongoni mwa watoto Weusi, waliorudia insha walikuwa asilimia 17 kwa kikaratasi cha kawaida na asilimia 72 kwa kile cha kwanza. Ni darasa dogo, usiitembeze namba hiyo kama sheria. Na usiibandike sentensi hiyo kwenye kila karatasi kama mhuri. Wanalinganisha karatasi zao bwenini, wakikuta wote mmeandikiwa neno kwa neno, umekwisha.

Kusahihisha hivi kunakula muda. Karatasi 40 kwa dakika sita ni saa nne. Mimi nafanya hivi kwa zoezi la kwanza na la pili tu, yanayobaki nasahihisha kama watu wote.

Maswali magumu ya Alhamisi

Ukiona wanaanguka, mkono wa kwanza utakwenda kwenye semina ya ziada kwa wanaoanguka. Nilishaitangaza moja. Walikuja watatu, wamekaa mbalimbali kama wagonjwa kwenye benchi la kliniki.

Uri Treisman alikuwa mwanafunzi wa uzamivu pale Berkeley, California, miaka ya 1970, akijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wanafeli kalkulasi. Wahadhiri walimpa majibu tayari: hawana ari, msingi mbovu, familia haziwasukumi. Akaenda kuwaangalia wanavyosoma. Majibu yale hayakusimama. Alichokuta ni kwamba wanafunzi Weusi walisoma kwa bidii lakini kila mtu peke yake, kusoma kukiwa huku na marafiki wakiwa kule. Wenzao wenye asili ya Kichina walisoma peke yao kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakapimana, kwa hiyo kila mmoja akajua kama swali limemshinda yeye au limewashinda wote. Treisman akaanzisha vikao vya pamoja, na hakuviita vya waliobaki nyuma: aliwaalika watu kwenye maswali magumu kuliko ya darasani. Walioshiriki walifanya vizuri kuliko wasioshiriki, kwa tofauti kubwa.

Kwa hiyo Alhamisi saa 11 jioni, barazani nje ya maktaba, kuna maswali mawili ambayo hayatatoka kwenye mtihani kwa sababu ni magumu mno. Nayabandika ukutani na kuondoka, narudi baada ya saa nzima. Wanakuja vipanga, kwa sifa. Wanakuja na wengine, kwa kuwa haijaandikwa popote kwamba ni ya vilaza. Swali likiwa gumu kweli wote wanakwama sawasawa, na hapo ndipo nimesikia kijana wa shule ya ada kubwa akimuuliza mwenzake wa kata, "Hapo umepitaje?" Kupiga msuli, yaani kujisomea, pamoja wameshajifunza, mimi nanunua karanga tu.

Barua

La mwisho ni rahisi kuliko yote, na lina masharti. Gregory Walton na Cohen walichapisha mwaka 2011 jaribio la saa moja hivi kwa wanafunzi wapya: walisoma maelezo ya wanafunzi wa mbele yao kwamba mwanzoni nao walishuku kama chuo ni mahali pao na baadaye shaka ikapungua, wakaandika jinsi hilo linavyofanana na yao, wakalisoma mbele ya kamera kwa ajili ya watakaokuja. Miaka mitatu baadaye pengo la alama kati ya Weusi na Weupe lilikuwa limepungua kwa nusu hivi. Lilikuwa kundi dogo. Mwaka 2023 Walton na wenzake wakatoa jaribio la vyuo 22 na wanafunzi karibu 27,000: zoezi kama lile lilisaidia watu kuuvuka mwaka wa kwanza, lakini kwenye vyuo ambavyo kweli vilimpa mtu wa kundi hilo nafasi ya kujiona wa pale. Kama darasani kwako bado wanachekwa, barua ni karatasi tu. Ndiyo maana nimeiweka mwisho.

Wiki ya 14 nawapa dakika 15: mwandikie mtu atakayekaa kwenye kiti chako mwakani. Andika lililokushinda mwezi wa kwanza, andika na lilivyokwenda. Usimshauri, msimulie tu. Bila jina. Nazihifadhi kwenye bahasha ya kaki, na wiki ya pili ya mwaka unaofuata kila mtu anachukua moja, anaisoma kimya, kisha anaandika mistari mitano ya kwake.

Soma zote kabla ya kuzigawa. Mwaka jana kulikuwa na moja iliyosema takwimu ni rahisi na asiyeelewa ni uzembe wake, nikaitoa. Na kulikuwa na nyingine, mwandiko mdogo ulioinamia kushoto, inayosema: mwezi wa kwanza nilikuwa nakaa dirishani ili nikichekwa niangalie nje. Si yule binti wangu, alishahitimu. Hii nimeiwekea nakala, huwa ndiyo naigawa ya kwanza.